Cheti cha Kodi Kwenye Faili la Viza

Jumatatu, 3 Machi
Vichwa vinne leo! Vyote kwenye chumba cha kufulia nguo cha bweni, ili ngurumo za mashine za kufulia zifunike sauti ya mashine yangu ya kunyolea. Mwenzangu wa chumbani, Kifungu (tulimbatiza hivyo kwa kukariri masharti ya viza), akaniuliza kama najua mwanafunzi mgeni anaruhusiwa kuajiriwa saa ishirini kwa wiki, lakini kujiajiri ni marufuku. Nikamjibu sijajiajiri, nanyoa tu, watu wananishukuru. Akauliza ni shukrani gani hiyo yenye bei iliyobandikwa ukutani. Wivu huo!

Jumanne, 4 Machi
Sina raha. Viza inaisha mwezi huu, na faili la kuiongeza linatakiwa Alhamisi. Nikirudishwa nyumbani, Shangazi, aliyenilipia tiketi na kuwatangazia majirani wote, atanichuna ngozi. Halafu wazo likanijia bafuni. Serikali gani itamfukuza mtu anayeilipa? Nitalipa kodi! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi nainama.

Jumatano, 5 Machi
Ofisi ya kodi. Karani, mama mwenye miwani, akasema ni nadra kuona kijana anakuja kwa hiari. Nusura anikumbatie. Nikajaza fomu. Kazi: kinyozi. Mwajiri: mimi mwenyewe. Cheti kikatoka palepale, na muhuri juu. Nimekiweka ukurasa wa kwanza wa faili la viza. Kizuri chajiuza.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi nimepeleka faili ofisi ya wanafunzi wageni ya chuo, wao ndio hulituma uhamiaji. Mchana nikamsimulia Kifungu. Akaweka kijiko chini. Akasema polepole kwamba nimewapelekea ushahidi dhidi yangu mwenyewe, tena wenye muhuri. Nikarudi mbio, nikadai nimesahau kuweka picha. Mshauri wa wageni, mama wa sauti ya chini, akasema picha zipo, ila kuna jambo tutazungumza kesho saa tatu. Naogopa. Naogopa kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Nilijipanga kukana. Nikalia. Nikaeleza yote, hadi bei ya ndevu. Mshauri akasema hajawahi kuona mkosaji anayejiandalia faili. Bahati yangu, alikuwa hajalituma uhamiaji. Akaniagiza nifunge biashara leo hii, nirudishe cheti, niandike barua ya kueleza kila kitu, na nikitaka kazi niombe duka la vitabu la chuo. Hakutakuwa na mara ya pili, akasema. Nimeapa kwa jina la Shangazi. Mashine ya kunyolea nimempa Kifungu aifungie kabatini.

Jumatatu, 24 Machi
Viza imetoka! Mwaka mzima! Uhamiaji wameridhika na barua yangu, wakanipa onyo tu. Shangazi kapiga vigelegele mpaka simu ikakoroma. Habari imeenea bwenini, na wageni watatu wakaja kuniuliza nilifanyaje, maana viza zao nazo zinaisha. Nimewaelimisha mmoja mmoja kwenye chumba cha kufulia, nusu saa kila mtu, malipo kwanza. Kifungu kauliza kama hiyo si biashara ileile. Nimemweleza tofauti: wakati ule nilikuwa kinyozi, sasa ni mtaalamu. Tena safari hii nafuata utaratibu. Kesho asubuhi naenda kwa yule mama wa kodi. Atafurahi kuniona.