Nilivyoitangazia Mauti Mizabibu ya Mama Wawira

Aibu ya leo imenipita kimo, na mnajua nilianguka jukwaani siku ya mahafali. (Mlikuwepo. Tusirudi huko.)

Nianze na usingizi, maana sikuupata. Swali moja lilinikalia kifuani: niwaambie au nisiwaambie? Wakulima wa zabibu wa Embu na Meru, ambao huzungukiana mashambani kwa zamu, walikuwa wameniita nikawaonyeshe kupogoa. Wakiniridhia, wangenipa kazi ya kuwashauri, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Nina digrii ya kilimo. Naweza kueleza upogoaji mpaka mniombe nipumzike. Lakini mzabibu halisi sijawahi kuukata. Nilichora mmoja kwenye mtihani. (Nilipita vizuri sana.)

Nikaamua nisiseme. Nani ataniuliza?

Asubuhi nikafika Karurumo, upande wa Embu, kwa Mama Wawira, mwenyekiti wao. Nikapewa chai, nikanywa vikombe viwili. Wa Meru walikuwa wameshafika na magunia yaliyoloweshwa maji, kwa sababu katika kikundi hiki matawi yakikatwa hayatupwi: wageni huyabeba wakapande kwao.

Kisha tukaenda shambani.

Jameni! Hakuna jani hata moja! Mizabibu yote uchi, vijiti vitupu juu ya waya, kama kamba ya nguo baada ya mwizi kupita. Nikaanza kufikiria. (Hapo ndipo mimi huharibikiwa.) Ni kuvu? Ni virusi? Ni udongo? Yote matatu?

"Simameni! Mtu asiguse kitu!"

Wakasimama wote. Nisiwafiche, nilijisikia vizuri.

"Kuna nini, Daktari?" akauliza Mzee Kirimi, kiongozi wa wale wa Meru. (Nimewakataza kuniita hivyo. Sikukataza sana.)

"Huu ni ugonjwa, mzee. Na unasafiri kwa viatu."

Nikaagiza beseni la maji na ile dawa ya kuua viini ya zizi la ng'ombe. Watu wazima ishirini wakapanga foleni, wakichovya viatu kimya kimya kama wanaobatizwa.

"Hata hivi vya kanisa?" akauliza Mzee Kirimi.

"Hasa hivyo."

(Hasa kwa nini? Mpaka sasa sijui.)

Nikamgeukia mwenye shamba kwa sauti ya matanga. "Mama Wawira, pole sana. Hii mizabibu itabidi ing'olewe, ichomwe."

"Yote?"

"Yote."

Mzee Kirimi akaanza kukunja magunia yake. Safari yote ile, na msimu mzima, ndivyo alivyokuwa akivikunja. Roho iliniuma, lakini sayansi ni sayansi.

"Majani yaliyoanguka yako wapi?" nikauliza.

"Tulipea mbuzi."

"Mbuzi wamekula? Watengwe! Na maziwa yao yasinywewe!"

"Ngai wakwa! Mungu wangu!" akasema mama mmoja nyuma. "Na ile chai ya asubuhi ilikuwa na maziwa ya nani?"

Nikakumbuka vikombe vyangu viwili, nikatema mate pembeni.

Mama Wawira akatoa simu mfukoni, bila haraka. "Ngoja kidogo, Daktari. Kuna kitu nataka usikie." Akaongeza sauti hadi mwisho.

"Wapendwa wakulima, siku chache kabla ya kupogoa, toeni majani yote kwa mkono ili mzabibu uamke upya. Msibakishe hata jani moja!"

Sauti ilikuwa yangu. Niliwatumia mwenyewe kwenye kikundi cha simu: dakika kumi na moja, zilizosomwa moja kwa moja kutoka daftari la chuo. Mimi msomaji sikusikiliza.

"Tuliyatoa juzi, watu sita, kutwa nzima," akasema Mama Wawira. "Mgongo bado unanikumbusha." Akakwaruza tawi kwa ukucha. Ndani, kijani kibichi, maji yanang'aa.

Mtu mmoja akacheka. Halafu shamba zima. Mzee Kirimi peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake vya kahawia, ambavyo sasa vilikuwa na mabaka meupe kama ng'ombe wa maziwa.

"Kijana wangu," akasema, "umeshawahi kukata mzabibu hata mmoja?"

Lile swali langu la kitandani! Nilikuwa nimeliandalia majibu matatu ya kulikwepa, yote mazuri.

"Bado, mzee. Nilichora tu."

Nikamkabidhi Mama Wawira mkasi. "Nionyeshe, mama."

Akaurudisha mkononi mwangu, akaushika mkono pamoja na mkasi. "Hesabu macho mawili, haya yanayochipua, kutoka chini. Kata hapo. Na usifikirie."

Nikakata. Kufikia saa tisa nilikuwa nimemaliza mistari mitatu, na magunia ya Meru yamejaa. Kuhusu kazi, Mama Wawira amesema nirudi kesho nimalize mistari iliyobaki, ndipo tuongee.

Mbuzi ni wazima. Anayetaka kunicheka, achovye viatu kwanza.