Nywele Mbili, Kichwa Kimoja

Jumapili, 1 Juni 1997

Siku ya tisini na mbili bila dawa. Mambo yanakwenda kisayansi.

Niweke kumbukumbu sawasawa, kwa manufaa ya vizazi. Nilianza kulainisha nywele kwa dawa nilipokuwa mwaka wa kwanza pale Mlimani, na kwa miaka minne zililala kisogoni kama zilivyoamriwa. Niliporudi Kigoma na shahada yangu, Mzee Pastory, mkuu wa stesheni mstaafu na baba mzazi wa Honorata, alizitazama kama mtu anayetazama behewa lililoacha reli. Akatamka kwamba hatapokea barua ya posa kutoka kwa kijana mwenye nywele za dawa. Arudi na nywele alizopewa na Mungu. Tarehe akaitaja: Jumapili, 15 Juni. Nije mwenyewe pamoja na mshenga, kinyume cha desturi, kwa kuwa kinachokaguliwa ni kichwa.

Honorata, ambaye ni nesi na hupenda njia za mkato, alisema ninyoe tu, yaishe. Dakika kumi! Nikamweleza kwamba kunyoa ni kukiri kosa, nami sijakosa; nimebadili msimamo. Hayo ni mambo mawili. Nitaziacha za asili ziote, nizipunguze za dawa ncha kwa ncha, hadi mapinduzi yakamilike bila kumwaga damu. Akauliza hayo nimeyasoma wapi. Kila mahali, nikamjibu.

Hali ya leo: upana wa vidole viwili vya nywele za asili chini, zimesimama imara. Vidole vitatu vya nywele za dawa juu, zimelala. Shamba la mahindi baada ya mvua ya mawe.

Nickson amepita akanipigia honi. Huyu ni dereva wa shirika moja la wakimbizi, kichwa kipara kwa hiari yake, Land Cruiser jeupe. Naye anamtaka Honorata. Mtu asiye na nywele hana historia.

Jumanne, 3 Juni

Ugunduzi! Tatizo si nywele, ni uhasama kati ya nywele na nywele. Zinahitaji mpatanishi. Nimechagua mawese, zao la mkoa wetu, ambalo wataalamu wa ng'ambo hawajawahi kulifikiria.

Nimepaka kikombe kizima asubuhi, nikafunga kitenge, nikasoma hadi adhuhuri. Nilipofungua, kichwa kilikuwa na rangi ya jua linapozama. Kola ya shati jeupe vilevile. Shingo vilevile. Sokoni mama mmoja amenusa, akaniuliza nauza kwa chupa au kwa dumu.

Nikapitia kwa Frida, msusi aliyevuka ziwa kutoka Uvira na sasa ana kibanda chake cha mbao nyuma ya soko. Ameshika nywele zangu kwa vidole viwili, kama anayeshika panya kwa mkia. Amesema hii ya juu ilikufa zamani, kaka, kata tu, maiti haisukwi. Nimepinga kwa muda wa saa nzima, kwa mifano ya kihistoria. Katika muda huo amemaliza vichwa viwili na kuanza cha tatu. Nadhani nilikuwa ninamshinda.

Ijumaa, 6 Juni

Mawese yametoka kwa vipande vitatu vya sabuni. Uhasama umebaki palepale. Kitana hupita vizuri kwenye dawa, hupita kwa shida kwenye asili, na mpakani hukwama kabisa. Leo kimepoteza meno manne. Nimeamua kutochana hadi nywele zenyewe zifikie mwafaka.

Na hapo ndipo bahati ilipobisha hodi. Mama Rozalia, mwenye nyumba wangu hapa Buzebazeba, Muha wa Heru asiyejua mzaha, amenikuta kibarazani na kichwa changu kilivyo. Kwao, mtu aliyefiwa hagusi nywele mpaka siku ya kuondoa tanga. Akajishika kifua. Yooo! Mwanangu Meshack! Umefiwa, na unakaa peke yako kimya kama jiwe?

Sikusema uongo. Hilo naliandika kwa wino. Nilisema asante mama. Alipouliza ni nani, nikajibu kwamba ni mmoja aliyekuwa nami kwa miaka minne yote ya chuo. Kweli tupu! Amelia. Ameniletea ugali wa muhogo na migebuka miwili ya kukaanga.

Kwa nini sikufikiria hili tangu Machi? Mfiwa haulizwi habari za nywele. Mfiwa yuko juu ya hoja.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani nimepewa nafasi kwenye benchi la mbele. Habari za Mama Rozalia huenda kasi kuliko treni, na hazisimami Tabora. Mzee Pastory amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hakuitazama hata ncha moja. Amesema jikaze, kijana. Nimejikaza. Nickson naye amenipa pole, huku macho yakizunguka kichwani kwangu kama anayetafuta kituo cha mafuta.

Ushindi mkubwa. Baada ya posa nitaandika makala.

Jumanne, 10 Juni

Kikwazo kidogo.

Honorata amekuja kutoka zamu, bado na sare, mwendo ambao sijawahi kuupenda. Baba yake amesema posa haipokelewi kutoka kwa mtu aliye msibani. Ni kuingiza jeneza na harusi kwa mlango mmoja. Nisubiri mwaka. Lakini wazee wa Jumapili wamekwisha kualikwa, na pombe imekwisha kupikwa. Kwa hiyo mshenga wa Nickson ameambiwa alete barua yake siku hiyohiyo.

Kisha Honorata akauliza amekufa nani. Nikamweleza kwamba, tukizingatia maana halisi ya maneno, sikumtaja mtu yeyote. Amenitazama kama wanavyotazama mgonjwa anayedai amekunywa vidonge. Akasema yeye si mzigo wa stesheni wa kuchukuliwa na anayewahi. Akasema alichonipendea mimi ni kwamba nabishana na kila mtu ila sijawahi kumdanganya mtu, na sasa hata hicho kimoja nimekitupa. Nimwendee baba yake, nimwambie.

Nimesema nipe siku nne. Amesema basi mfufue huyo mtu wako kabla ya Jumapili. Ameondoka bila kwaheri.

Kumwambia! Mbele ya wazee! Mtu mwenye shahada! Hapana. Iko njia nyingine. Msiba ulioanza unaweza kumalizwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwuliza Mama Rozalia, kwa namna ya kitaaluma tu, kama tanga laweza kuondolewa mapema. Amesema laweza, hata Jumamosi, kwa kuwa siku hizi watu wamechoka na misiba. Wanayo ya huku na ya ng'ambo ya ziwa. Majirani wataitwa, ataomba, nitanyolewa.

Nikapendekeza zikatwe ncha tu. Vidole vitatu vya juu. Kiishara.

Amenijibu kwamba msiba haupunguzwi ncha, mwanangu. Jibu nimelipata saa mbili baadaye, lakini alikuwa amekwenda kwa mnyoaji. Amemchagua Frida.

Jumamosi, 14 Juni

Nimenyolewa.

Watu arobaini uani. Wengine siwajui. Nickson amefika na viti vya plastiki, akavipanga mwenyewe, akanong'oneza kwamba kesho yuko tayari kutupeleka wote kaburini kwa gari, niseme tu ni wapi. Nikasema mbali. Akasema gari lina mafuta. Nikasema mbali sana.

Mama Rozalia akasimama kuomba. Akahitaji jina la marehemu. Nikasema Theophil. Limetoka lenyewe. Watu wote wakarudia: Theophil.

Frida alikuwa na wembe juu ya sikio langu la kushoto. Amesimamisha mkono. Akaomba ruhusa, kwa sauti ndogo, kama yasingekuwa maudhi, na ndugu zake watatu waombewe pamoja na rafiki yangu. Walibaki Uvira. Hakupata kuwazika wala kunyolewa kwa ajili yao. Akawataja mmoja mmoja. Watu wakarudia. Kisha akaendelea kuninyoa, taratibu, kama anayeosha kitu cha thamani. Maji yalidondoka shingoni kwangu, na hayakuwa ya beseni.

Kichwa changu ni kidogo kuliko nilivyokuwa nikikikadiria.

Jumapili, 15 Juni

Naandika kwa utulivu, kama mwanahistoria.

Sebuleni kwa Mzee Pastory: wazee saba, barua mbili mezani, yangu na ya Nickson. Mzee amekikagua kichwa mbele na nyuma. Akasema sasa huyu ni mtu. Akanipa pole tena ya Theophil. Nilihisi reli iko wazi hadi Dar es Salaam.

Kisha, kama desturi, Honorata ameitwa aseme kama anawafahamu walioleta barua. Amepiga magoti akawaamkia wazee wote, shikamoo baada ya shikamoo, akaanza kusema. Nickson anamfahamu: mtu mwema, dereva mzuri, barua yake irudishwe kwa heshima. Na Meshack anamfahamu: ameua mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, ili asiende kwa kinyozi.

Ameeleza yote. Mawese pia.

Mzee Pastory ameinamisha kichwa kama anayesikiliza treni ya mbali. Mzee mmoja alikohoa ndani ya kikombe, alikuwa anacheka. Nimesimama nijitetee kwa hoja tatu. Honorata akaniangalia. Nikakaa.

Uamuzi: barua yangu hairudishwi, wala haifunguliwi. Itawekwa kabatini. Niende kwanza kwa Frida na kwa Mama Rozalia nikawaambie ukweli kwa kinywa changu. Halafu niote nywele, za asili tupu, zifike urefu wa kidole, bila dawa na bila marehemu. Siku hiyo ndipo barua itafunguliwa. Mzee akamwuliza binti yake kama ataweza kungoja. Amesema ataweza, ila asinisikie nikifafanua.

Kwa ufupi: posa imekubaliwa kimsingi.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda. Mama Rozalia amenidai migebuka yake, kisha amefunga mlango kwa komeo. Frida amesuka kwanza mistari miwili mizima. Halafu akasema ndugu zake watatu walikuwa wa kweli, na maombi yao yalikuwa ya kweli, na hilo mimi siwezi kuliharibu. Nimsogelee nikae. Amenipaka kichwani mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, bure, akaniambia nenda, kaka, usirudi na maneno.

Nimerudi nyumbani mzito. Nikajilaza. Nikatafakari kwa kina, labda kwa mara ya kwanza, maneno ya Mzee Pastory.

Urefu wa kidole. Kwa mwendo wa asili, miezi sita! Desemba! Na Nickson na viti vyake hapo katikati! Nimeyapitia maneno hayo tena na tena, kama yalivyotamkwa mbele ya mashahidi saba. Urefu wa kidole. Lakini Mzee hakusema kidole cha nani.

Jirani wa nyumba ya tatu amejifungua jana. Binti, mwenye afya, mdogo sana. Kesho asubuhi nitakwenda kutoa pongezi.

Nimekwisha kutia rula mfukoni.