Meza Iliyohamia Dirishani

Jumatatu, 11 Machi
Tuttlingen, mvua. Alhamisi anakuja mkaguzi kutoka Japani. Bila yeye kuridhika na karakana, mikasi yetu ya kupasulia macho haiuzwi kwao. Bwana Egle, mwenye kiwanda, kaniita. Kasema kibali kikipatikana, muda wangu wa majaribio umekwisha, nina kazi. Kisipopatikana, pia umekwisha. Nilicheka kwa adabu. Yeye hakucheka.

Jumanne, 12 Machi
Dietmar wa mauzo kaleta keki ya mkaguzi. Anadai kaioka mwenyewe. Sanduku la duka nimeliona kwenye pipa. Bwana Egle kamsifu. Mimi sina keki. Nina ufagio.

Jumatano, 13 Machi
Wenzangu walipoondoka, nilibaki. Sisi Waswabi, wenyeji wa huku Tuttlingen, hatumkaribishi mgeni kabla ya kusugua ngazi. Nimepiga deki, nimefuta madirisha. Meza ya kung'arishia mikasi ilikuwa kwenye kona ya giza. Nimeikokota hadi dirishani. Mgongo umekwisha. Ila inapendeza. Keki ni nini mbele ya mwanga?

Alhamisi, 14 Machi
Mkaguzi, Bi. Kuramochi, hakugusa keki. Kasema haruhusiwi kupokea chochote, hata kipande. Dietmar kabaki na kisu mkononi. Furaha yangu iliishia mlangoni pa karakana.

Alitoa mchoro wa chumba tuliotuma na maombi. Niliuchora mimi, kwa rula. Akautazama, akaitazama meza, akaugeuza mchoro juu chini, nadhani kwa huruma. Akauliza meza imehama lini. Nikasema mchoro ni wa zamani kidogo. Akauliza idhini ya mabadiliko iko wapi. Nikasema inaandaliwa. Na nani? Nikatazama viatu vyangu. Bwana Egle naye akavitazama.

Nikakiri. Jana, mimi, kwa ajili ya mwanga.

Akaeleza kwa upole kwamba meza ikihama, vumbi lake nalo limehama, na hiyo si karakana tuliyoiombea kibali. Hakutunyima. Tuirudishe meza mbele ya macho yake, tuandike maelezo, na mtu asiguse kitu mpaka arudi Mei.

Alipoondoka, Bwana Egle kaniambia majaribio yangu nayo yanakwenda mpaka Mei. “Mikono mfukoni, kijana. Umenisikia? Mfukoni.”

Ijumaa, 15 Machi
Nimekuta kwenye kiti changu kibao cha zamu ya kufagia, kile ambacho majirani huku hupokezana mlango kwa mlango, anayekikuta ndiye afagie. Dietmar, mdomo umejaa keki, kasema nisikate tamaa, akija mkaguzi wa Marekani nitahamisha kiwanda kizima. Wote wamecheka. Hata mzee wa stoo, ambaye huwa hacheki.

Jumatatu, 18 Machi
Maelezo tayari. Nimeandika, na kupigia mstari, kwamba hakuna kitakachoguswa. Bwana Egle katia sahihi. Kasema angalau kuandika naweza. Ni sifa yangu ya kwanza hapa.

Nikaenda karakana kuhakikisha meza haijasogea. Haijasogea. Lakini miguu yake imechora sakafu, kutoka kona hadi dirishani. Bi. Kuramochi akirudi, jambo la kwanza atakaloona ni mikwaruzo ile, na aibu yote itafufuka.

Duka la karibu na stesheni lina rangi ya kijivu inayofanana na yetu, au karibu. Kesho Bwana Egle yuko safarini. Nitapaka kidogo tu.

Sakafu si meza.