Sufuria Chini ya Tundu

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha pili kwa mshauri wa ndoa. Nilikwenda na faili. (Mimi karani wa masjala, siendi mahali mikono mitupu.) Ndani: picha kumi na nne za miaka tuliyoishi chumba kimoja, zimepangwa kwa tarehe. Mke wangu hakuzitazama. Mshauri akauliza nampendea nini leo. Nikasema alivyokuwa akicheka bati likivuja, matone yakilia ndani ya sufuria. Akasema, leo. Nikasema ndiyo, mwaka ule. Mke wangu akamgeukia: umemsikia mwenyewe? Kisha akatangaza kwamba kikao cha Ijumaa kikienda hivihivi, anahamia kwa dada yake. Shemeji keshanunua godoro. Kiherehere!

Jumanne, 4 Machi
Kazi ya nyumbani kutoka kwa mshauri: niandike jambo jema moja la leo. Nimekaa saa nzima. Nikaandika: amepika. Nikafuta, zamani alipika vizuri zaidi. Nikaandika hilo. Nikafuta. Karatasi imetoboka.
Tundu! Wazo hilo!

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima ngazi kwa jirani. Nimeng'oa misumari miwili ya bati. Upenyo: upana wa kidole, nimepima. Sufuria ya zamani nimeitoa stoo, nimeiweka chini yake. Mvua inyeshe, acheke, Ijumaa tuingie kwa mshauri tumeshikana mikono. Jirani anauliza bati zima linatengenezwa nini. Mbea.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua saa kumi alasiri. Kubwa! Nilitoka kazini mbio, furaha tele. Maji yaliikwepa sufuria. Yalifuata boriti hadi kwenye cherehani ya mke wangu, yakamwagikia gauni la bibi harusi, mteja wake, aliloshona wiki tatu. Harusi Jumamosi.
Nikamkumbusha chumba kimoja. Akasema miaka ile mimi nilikuwa nakoroma, yeye ndiye aliyeamka kumwaga sufuria. Nikamuuliza, na kile kicheko je? Kicheko gani, bwana wee? Kilikuwa kikohozi. Alikohoa masika yote.
Kisha akaona misumari kwenye mfuko wa shati langu. Akaitazama. Akaenda kukunja nguo zake.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao. Kiti chake kitupu. Mshauri akauliza tena: jambo moja la leo. Nikasema leo hayupo. Nikalia hadi leso ikalowa. Mshauri akasema angalau hilo ni la leo.

Jumapili, 9 Machi
Nyumba kimya. Tone likianguka nalisikia hadi jikoni. Shemeji hapokei simu.
Nimefungua faili jipya: Wiki ya Mshauri. Zile zilikuwa siku! Tulikaa viti jirani, goti kwa goti. Alisema "umemsikia mwenyewe?" kwa sauti tamu ajabu. Nadhani alikuwa anacheka. Siku hizi hakuna tena ndoa kama ile yetu ya Jumatatu.
Bati sijaliziba. Akirudi, akute kila kitu kama zamani.