Kikosi cha Vizibo, Boito 1987

Jumatatu, 3 Juni 1996
Mvua. Lori la majani ya chai limechelewa tena. Wakulima wamejaa hapa kituoni Boito, na sisi makarani wawili hatuna kazi ila basketi. Si basketi ya kukimbia! Ni ya vizibo vya soda. Unabonyeza kizibo ukingoni, kinaruka, kinaingia mkebe wa majarini ulio mwisho wa meza ya kukagulia majani. Kila kizibo ni mchezaji. Kepher, karani wetu wa zamani, ndiye aliyeubuni mchezo, kabla hajastaafu na kurudi kwao ziwani.

Leo Okeyo, karani mwenzangu, ameleta kikosi kipya. Watano, wenye plastiki ndani, wameokotwa nje ya hoteli moja Kedowa. Hawana majina, wana namba! Akasema kikosi changu cha 1987 kipelekwe makumbusho. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia Jumamosi, zamani dhidi ya sasa, na anayeshindwa atoe nahodha wake.

Nahodha wangu ni kizibo cha soda ya harusi yetu. Soda moja, mirija miwili. Chepkorir, mke wangu, hajui.

Jumanne, 4 Juni
Nimetoa kikosi kwenye soksi. Nimelinganisha mmoja mmoja. Omwenga amebonyea upande lakini ana busara. Mogaka ametoka kwenye soda ya fundi Mogaka, siku alipotengeneza mizani yetu. Akeyo, siku kwaya yetu iliposhinda. Kepher, siku Kepher alipopata mjukuu wa kwanza. Kisha nahodha. Namba Moja wa Okeyo ametoka wapi? Kwenye matope.

Nimefungua daftari la 1987. Michezo kumi na tisa, ushindi kumi na tisa, yote kwa mwandiko wangu! Mvua ilinyesha hivihivi, Kepher akicheka mpaka akohoe, na Chepkorir, bibi harusi wa miezi miwili, akitua kikapu chake na kukaa nasi mpaka lori lije. Nimeukumbuka sana mwaka ule.

Kisha nimefanya mazoezi. Mirusho thelathini. Hakuna aliyeingia.

Alhamisi, 6 Juni
Nimegundua ugonjwa. Wachezaji wa zamani wana kiduara cha gome laini ndani, na gome limekauka. Wanahitaji mafuta. Nimewapaka samli wanne, nikawaweka juu ya meko, pale tunapokaushia mahindi. Nahodha sikumgusa. Nilishindwa.

Chepkorir akauliza ni nini kinanukia. Nikasema dawa ya viatu. Akatazama miguu yangu. Nilikuwa peku.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu!

Okeyo alikuwa ametangazia foleni nzima. Mama Nyanchoka, mkulima asiyependa mzaha, akawa refa. Nikaanza na Omwenga. Gome likachomoka, likabaki kidoleni. Omwenga mwenyewe akateleza kwa samli mpaka sakafuni. Akeyo vilevile. Kepher vilevile. Mogaka aliruka vizuri sana, akaingia kikapu cha mtu, akapandishwa lori pamoja na majani. Saa hii yuko kiwandani, anakaushwa.

Nahodha akagonga ukingo wa mkebe, akarudi. Kumi na nne kwa sifuri. Okeyo akamtia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya kanisa nimemwambia Chepkorir. Nilitarajia kelele. Alimenya viazi vyote, hata vya kesho. Ningependa kelele.

Jumatatu, 10 Juni
Chepkorir amekuja kituoni na majani yake. Akapima, akapanguza mikono kwa leso, akamwomba Okeyo kile kizibo cha harusi. Akamwambia kikiingia mara tano mfululizo kinarudi nyumbani, kikikosa hata mara moja, Okeyo atapata na kuku. Okeyo akacheka, akafungua kifungo.

Mara ya kwanza, ndani. Ya pili, ndani. Foleni ikasogea karibu. Ya tatu na ya nne nikafumba macho, lakini mlio wa mkebe niliusikia. Ya tano alirusha akimtazama Okeyo usoni. Ndani!

Nikaruka. Nikawaambia wote, mmeona kikosi cha 1987? Chepkorir akanigeukia polepole.

“Baba Nelvine, ile mwaka ni mimi nilikuwa narusha. Wewe ulikuwa unaandika tu.”

Nimekuja nyumbani na kufungua daftari. Ni kweli. Pembeni ya kila ushindi kuna herufi C, na mimi miaka yote nilidhani ni ya Champion. Tumekunywa chai. Kisha akacheka, na mimi nikacheka, na kwa muda ikawa 1987 kabisa. Akamficha nahodha ndani ya mkebe wa sukari.

Jumanne, 11 Juni
Nimewaza sana. Jana nahodha aliingia mara tano kwa tano. Namba Moja wa Okeyo hajawahi kufanya hivyo. Kwa hiyo kikosi cha zamani ni bora, na Jumamosi kilichotuponza ni samli. Hesabu ni rahisi.

Nimemweleza Okeyo. Marudiano ni Jumamosi, kwa masharti yaleyale. Nahodha yuko mfukoni mwangu, ana sukari kidogo. Chepkorir hajui.