Tairi Nne za Daktari wa Meno

Gari jekundu lilipotoka kwenye kona ya tatu likiwa limetazama kule lilikotoka, watu wote kando ya uwanja walishika vichwa. Kinanda peke yake alishika kidevu. Wenzake waliona ajali iliyokoswa chupuchupu. Yeye aliona riziki.

Ulikuwa uwanja wa zamani wa ndege, ambao ndege zenyewe zilishaukimbia siku nyingi. Kila Jumamosi waungwana wachache wenye magari ya mbio waliukodi ili wakimbizane bila kusumbuliwa na polisi, watembea kwa miguu wala akili timamu. Kinanda alikuja kuwazibia pancha. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu mtu huyu ukimgusa popote anatoa sauti, na sauti yenyewe tamu.

Mlango wa gari jekundu ukafunguka, akatoka daktari wa meno. Mtu mwingine angejikagua kwanza kama bado ana miguu miwili. Daktari alikwenda moja kwa moja kwenye tairi ya nyuma, akaipiga teke, kisha akainama akaibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba.

"Ngumu!" akafoka. "Mawe matupu! Sasa mtu afanye nini na mawe?"

"Akanyage breki," alijibu mfamasia, kaka wa mke wa daktari, ambaye gari lake la buluu lilikuwa limeshamaliza na kupoa. "Ipo pale katikati, shemeji. Siku ukipata nafasi, mwonane."

Watu wakaangua kicheko. Hiyo ilikuwa Jumamosi ya tano mfululizo daktari anashindwa na shemeji yake, na Jumamosi zote tano mchawi alikuwa tairi. Kinanda akawatazama na mabwana wengine. Mmoja baada ya mwingine walikuwa wameinama wakibonyeza tairi zao kwa kucha, wakiguna na kutikisa vichwa, kama watu wanaochagua maparachichi sokoni. Kumbe hawa hawanunui mwendo, akawaza. Wananunua ulaini.

Kinanda hakuwa mtu wa tamaa. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mashine ya kufungulia tairi ya fundi mzee wa mtaa wa pili, aliyekuwa anastaafu. Kwa miaka kumi na moja Kinanda alikuwa akifungua tairi kwa vyuma viwili na matusi, na sasa mgongo wake ulikuwa umeanza kuyajibu hayo matusi. Fundi mzee alikuwa amemwambia wazi: "Nakungoja mpaka wiki ijayo. Akitangulia mwenye fedha mkononi, hata awe adui yangu, anabeba." Angeweza kuipata mashine kwa kufanya kazi kwa bidii, njia ambayo Kinanda aliiheshimu sana, kama watu wanavyoheshimu makaburi: kwa mbali.

Jumatatu asubuhi alikuwa amelala kwenye kiti cha daktari, taa usoni.

"Fungua mdomo," alisema daktari, jambo ambalo Kinanda hakuwahi kuhitaji kuombwa.

"Daktari, mimi Jumamosi nilikuwepo," alisema kabla kioo hakijaingia. "Nililia."

"Ulilia?"

"Sikuficha. Kuona mtu mwenye mikono kama yako amefungiwa mawe! Usukani uliugeuza pale pale unapogeuzwa, sekunde ile ile. Gari likakataa. Sasa hapo kosa la nani?"

Daktari akashusha kioo. Tangu Jumamosi watu walimwambia mengi, na mkewe alimwambia zaidi. Hili hakuna aliyemwambia, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akijiambia kila alipobaki peke yake.

"Nilisema ni tairi," akanong'ona.

"Ni tairi, bwana mkubwa. Zako ni za kwendea kazini. Za mbio ni laini, zinashika lami kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake. Nyingine hazina hata michirizi, ni vipara kabisa."

"Lakini kipara si kosa?"

"Barabarani ni kosa, unatozwa faini. Uwanjani ni anasa, unatozwa zaidi. Ndiyo dunia. Mimi ninazo nne, nusu kipara. Ziliagizwa na bingwa mmoja, akaoa, mke akamwambia achague: yeye au mbio."

"Nimesoma kwamba ubavuni huwa na namba nne, za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Hizo zako za lini?"

Kinanda akamtazama kwa masikitiko ya mtu aliyetukaniwa ukoo.

"Za mashindano hazipigwi tarehe, daktari. Hazikai dukani hata zikazeeka. Wewe ulishaona mkate wa moto una tarehe?"

Daktari akaona haya kwa kuuliza. Wakakubaliana: Kinanda atafunga tairi za bingwa, atachukua zile za zamani "akazitupe asije mtu akaumia nazo," na juu yake atapokea bahasha. Kabla ya kumwachia, daktari alimkagua kinywa na kugundua meno mawili yanayohitaji kuzibwa haraka sana, meno ambayo mpaka dakika ile yalikuwa hayajui kwamba ni wagonjwa. Kila mtu na ufundi wake.

Tairi za bingwa zilikuwa nyuma ya gereji moja iliyofungwa, na kuku walikuwa wakitaga ndani yake. Saizi ilikuwa ile ile, na umri ulikuwa wa kutosha kupiga kura. Kinanda akasugua tarehe kwa msasa. Akazipaka dizeli, mafuta ya taa na kitu kingine kutoka kwenye kopo lisilo na maandishi, akazifunika kwa plastiki siku tatu kama wagonjwa wa homa. Alipozifunua, ukucha ulizama kama kwenye sabuni iliyolala majini. Chini ya ule ulaini mpira ulikuwa mkavu vilevile, na nyufa zake. Lakini ukucha wa mwungwana haufiki huko.

Ijumaa mchana, uani kwa daktari, vyuma viwili vikafanya kazi na matusi yakanong'onwa kwa heshima ya nyumba. Daktari akainama, akabonyeza. Ukucha ukazama. Akafumba macho kama mtu aliyesikia habari njema kutoka kwa wakwe.

"Siagi," alisema.

"Siagi yenyewe," alisema Kinanda, akaipokea bahasha kwa mikono miwili.

Zile "mawe" hakuzitupa. Zilikuwa tairi nzuri, hazijamaliza hata miezi sita, na kesho yake alikusudia kumuuzia mfamasia kama tairi za siri zinazotumiwa na shemeji yake. Hivyo ndugu hao wawili wangemnunulia mashine, kila mmoja nusu yake. Kinanda aliamini sana katika kuunganisha familia.

Jumamosi asubuhi aliingia uwanjani na mkokoteni wa kukodi, tairi nne juu yake. Langoni alikuwepo Mama Filimbi, mtahini mstaafu wa leseni za udereva, ambaye kwa miaka thelathini alikaa kiti cha pembeni ya watu wasiojua kuendesha. Woga wake wote uliishia huko kazini. Sasa yeye ndiye aliyefungua lango, aliyekagua magari, aliyepeperusha bendera na kupuliza filimbi.

Alilizunguka gari jekundu mara moja, akasimama, akavuta hewa puani.

"Daktari, nenda kanywe chai," alisema. "Leo ukaguzi una foleni."

Foleni ilikuwa ya gari moja, lakini daktari alikwenda. Mama Filimbi akamwita Kinanda kibandani kwa kidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zile laini umeuza wewe?"

"Kwa mikono yangu hii, mama."

"Hongera. Vaa." Akamsukumia helmeti.

"Ya nini tena?"

"Kanuni ya uwanja. Muuzaji wa tairi anakaa kiti cha pembeni mizunguko mitatu ya kwanza. Mnunuzi anaendesha, muuzaji anaeleza."

Kinanda akatabasamu, ila safari hii kinanda kilitoa sauti ya kukwaruza.

"Kanuni nzuri sana, mama. Tatizo ni mgongo wangu."

"Kile kiti kinabana mgongo kuliko hospitali."

"Halafu nina kichefuchefu. Cha kuzaliwa."

"Utafungua kioo."

"Nina mke, mama! Na mama mzazi ananitegemea!"

"Hao niandikie hapa majina yao," alisema Mama Filimbi, akamfungulia daftari, "na namba za simu."

Kinanda akashika kalamu. Akaandika herufi mbili za jina la mama yake. Dirishani ilionekana kona ya tatu, na kando yake ukuta wa zege ambao hakuwahi kuuona ukiwa mnene vile. Akaiweka kalamu chini.

"Mama, zile tairi zina umri kidogo."

"Umri gani?"

"Wa kujitegemea."

"Umezipika?"

"Siku tatu."

"Na hizo za mkokotenini?"

"Za daktari mwenyewe. Hizo nzima kabisa. Kusema haki, ni nzuri kuliko yeye."

Mama Filimbi akashusha pumzi kama hakimu mwenye huruma. "Mtu akikiri kabla gari halijawaka, kanuni inamruhusu kujikomboa. Anarudisha kila kitu, tairi na bahasha, na anazifunga mwenyewe."

"Na bahasha pia?"

"Helmeti hiyo hapo."

Bahasha ikatoka mfukoni bila kusindikizwa. Kinanda akatoka nje, juani, akainua gari jekundu kwa jeki, akafungua na kufunga tairi nne kwa vyuma viwili, kwa kasi ambayo hata yeye hakujua anayo. Nyuma yake Mama Filimbi alipita na kopo la rangi, akichora mstari wa njano kwenye ubavu wa kila tairi, mkono wake umetulia kama wa mtu anayepaka wanja.

Daktari aliporudi, Kinanda alikuwa bado amelala chini ya gari, akiokota nati. Alisikia yote.

"Daktari, zile zako zimeanguka ukaguzi. Zingekuua."

"Nini? Yule mshenzi yuko wapi? Na bahasha yangu?"

"Bahasha ninayo mimi, ni ushahidi. Usihangaike. Kuna seti ilikuwa imewekwa kwa mtu mwingine, nimekufungia. Mistari ya njano. Sitakwambia zimetoka wapi, usije ukanitia matatani."

Daktari akainama. Ukucha haukuzama.

"Mama, mbona ngumu?"

"Wewe ni daktari wa meno au wa kucha?"

Daktari akajikuna kisogo. Kisha, kwa uso wa kazi, akachomoa kwenye mfuko wa shati kifaa chake chembamba cha chuma cha kugongea meno, akagonga tairi mara tatu, akategea sikio.

"Imejaa," akasema taratibu. "Haina tundu. Hii ni nzima."

"Sasa ndiyo unazungumza kitaalamu."

Bahasha ya pili ikabadilisha mikono. Chini ya gari, mtu mmoja alijing'ata kidole.

Mbio zenyewe zilikuwa fupi. Mfamasia aliiona mistari ya njano, na kuanzia hapo hakuitazama barabara tena. Mizunguko miwili alikuwa na kioo cha nyuma tu, akijiuliza shemeji amepata wapi kitu kile. Mzunguko wa tatu, kwenye kona ya tatu, alijiuliza kwa muda mrefu mno, akaenda kusimama kwenye majani. Daktari akapita peke yake, akamaliza wa kwanza, akashuka, akapiga magoti mbele ya tairi zake mwenyewe.

"Hizi ndizo tairi!" alilia. "Mnaona? Na kile kitakataka nilichokuwa natembelea!"

Furaha ilimlainisha hata akamsamehe Kinanda, akampa mkono. Kinanda akaona hiyo ndiyo nafasi.

"Daktari, hivi ile kanuni ya muuzaji kukaa kiti cha pembeni ilianza lini?"

"Kanuni gani? Mke wangu mwenyewe simpakii siku ya mbio, kwa sababu ya uzito. Nikupakie wewe?"

Kinanda akageuka kukitazama kibanda. Kilikuwa na kufuli. Filimbi ilikuwa imening'inizwa kwenye komeo.

Alikimbia mpaka mtaa wa pili. Fundi mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya karakana, akitazama mahali peupe sakafuni penye matundu manne ya bolti.

"Imeondoka sasa hivi," alisema fundi mzee. "Kuna mama mmoja mstaafu, hata bei hakubishana. Bahasha mbili, pa, mezani. Ameniuliza nani mjini hapa anayefunga tairi nne upesi bila kukwaruza rimu. Nikakutaja wewe, mwanangu. Sikukufanyia vibaya?"

Hakumfanyia vibaya. Jumamosi iliyofuata Kinanda alikuwa chini ya turubai kando ya lango, mbele ya mashine ile ile aliyoiota. Alikanyaga kitufe, ikazunguka. Akabonyeza mkono wa chuma, tairi ikatoka kwenye rimu laini kama ndizi mbivu kwenye ganda lake. Mgongo ulinyooka. Mshahara ulilipwa kila Jumamosi jioni na Mama Filimbi, na haukuwa mnene.

Ikapita wiki mbili. Daktari akaja mbio, jasho linamtoka. Mfamasia alikuwa amejipatia tairi za mistari miwili ya njano, kwa njia anazozijua yeye na Mama Filimbi, na alikuwa amemshinda.

"Nataka za mistari mitatu," alisema daktari.

Hakuna anayejua ni kitu gani kilimpanda Kinanda siku ile. Labda ni mgongo uliopona. Aliweka kitambaa chini, akamtazama daktari usoni, akasema:

"Daktari, sikiliza. Tairi zako nzima. Ni zile zile ulizokuja nazo tangu mwanzo, rangi tu imeongezwa. Usinunue kitu. Kona ya tatu unachelewa breki. Kanyaga mapema, geuza, ndipo utie moto. Basi. Ni bure."

Daktari alimtazama kwa huruma. Kisha akamgeukia Mama Filimbi.

"Mama, huyu mtu bado unamweka hapa? Alianza kwa kuniuzia mbovu, leo ananiambia nzuri ni zile zangu za zamani. Anatoka kwenye utapeli anaingia kwenye wazimu!"

"Msamehe, daktari. Ni jua," alisema Mama Filimbi, huku akifungua kopo la rangi. "Pitia baada ya chai, uzikute tayari."

Jioni ile Kinanda alikatwa ujira wa nusu siku, kwa kosa la kusema ukweli mbele ya mteja.