Lita Mbili za Ua la Dirishani

Jumatatu, 9 Juni
Nimelazwa. Kesho kamera inaingia utumbo mpana, kwa mlango wa nyuma. Nimepewa dawa ya kuharisha na lita tatu za maji. Sista Mkuu, mfupi, miwani puani, kasema tatu maana yake tatu. Lakini choo kiko mwisho wa korido, nami nafanya mazoezi ya drafti na jirani wa kitanda cha pili. Nimekunywa moja. Mbili kanywa ua la kwenye chungu dirishani. Nimeripoti tatu. Akili ni mali!

Jumanne, 10 Juni
Kamera haikuona kitu. Safi! Jioni tumbo likasokota, upande wa kushoto. Chooni, damu. Nimevuta maji upesi. Simwambii mtu. Jumamosi nina fainali ya drafti na shemeji, aliyenifunga miaka minne mfululizo na kuitangaza kwenye kila harusi. Sista kauliza hali. Nimetabasamu. Kasema mzima hatabasamu huku amejikunja kama kamba.

Jumatano, 11 Juni
Nimekamatwa! Sista kabonyeza tumbo kushoto, nikapiga ukelele. Kisha akatia kidole kwenye chungu. Tope. Akauliza, kwa upole wa kutisha, aliyekuwa anapimwa ni mimi au ua. Ndani ya saa moja: daktari, picha, dripu. Mshipa Sista kaupata kwa sindano ya kwanza, kwenye mkono mkavu kama ukuni. Daktari kaeleza: mwili ulikauka, presha ikashuka, damu ya kwenda utumboni ikapungua, utando wa ndani ukachubuka. Hutokea kwa nadra baada ya kipimo hiki. Ningenyamaza hadi Jumamosi, huenda kipande cha utumbo kingekufa, kikakatwa. Kidole kimoja chunguni kimeniokoa!

Jumamosi, 14 Juni
Damu imekoma. Shemeji kaja na ubao. Kasema nisithubutu kufa kabla hajanifunga mara ya tano. Nilikuwa nimebanwa kona. Sista kapita na trei, kasogeza kete yangu moja bila kusimama. Tatu za shemeji zikaliwa. Shemeji kamwamkia upya. Nimeshinda!

Jumapili, 15 Juni
Kesho natoka, nikimaliza jagi la lita tatu. Dirishani kuna ua jipya. La plastiki. Mama yule! Nimemwaga maji nje ya dirisha. Sauti ya Sista ikapanda kutoka bustanini: jagi jingine linakuja, na yeye anakuja na kiti.
Jirani wa kitanda cha pili ana mabuti ya mvua. Marefu. Lita tatu zinaingia.